Kuhifadhi Majibizano: Kumbukumbu za Mashauri ya Teknolojia na Mwanahistoria wa Kesho



Nilipopewa heshima ya kutoa mhadhara huu, baadhi ya wenzangu katika Idara walidhani kwamba ningezungumzia ushairi wa Mombasa, nao walikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwani ndiyo kazi niliyoizoea. Nitaanzia huko huko Mombasa. Kutoka hapo nitawaomba mfuatane nami hadi mahakama moja ya jimbo la Utah, Marekani, kisha turejee Nairobi na Dar es Salaam. Masafa ni marefu, lakini swali tutakalokuwa tukilibeba njia nzima ni moja: watu wanapojibizana, na majibizano yao yakaamua mambo makubwa, ni nini kinachobaki baada yao, na nani anayekihifadhi?

Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mengi ya mashairi yake tunayoyasoma leo yalibaki vinywani mwa watu hadi miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, pale Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa Mombasa, alipoyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zilifika London, na mwaka 1940 W. Hichens akaichapisha diwani. Hayo tunayafundisha mwaka wa kwanza. Tusilolisisitiza vya kutosha ni kwamba pamoja na beti yalihifadhiwa maelezo: shairi hili lilikuwa jibu la nani, lile lilitungwa wakati wa ugomvi upi kati ya Mombasa na Lamu au kati ya Wamazrui na Sayyid Said, neno hili lilikuwa na maana gani katika mtaa ule. Ondoa maelezo hayo, na sehemu kubwa ya diwani inageuka fumbo lisilo na mfumbuzi. Shairi la malumbano halisimami peke yake. Ni nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili ikipotea, msomaji hubaki kama mtu anayesikia upande mmoja wa simu.

Shauri la mahakamani nalo ni malumbano. Mdai huleta hati ya madai, mdaiwa huleta utetezi, mdai hujibu utetezi. Kila upande huleta viapo na vielelezo, hoja na hoja kinzani, na mwisho jaji hufunga ukumbi kwa hukumu. Sisi wa nje huiona hukumu tu. Magazeti huandika nani alishinda na alilipwa kiasi gani, na vitabu vya sheria huchapisha sababu za jaji. Vile vya katikati, ambamo watu waliapa na kueleza jinsi mashine ilivyotengenezwa, nani alimwandikia nani, na kwa nini uamuzi fulani ulifikiwa usiku wa manane katika ofisi fulani, ndivyo vinavyotoweka kwanza. Kwa mwanahistoria wa teknolojia, hivyo ndivyo hasa vyenye thamani. Kampuni haiandiki ukweli wake katika matangazo. Huuandika katika barua za ndani, na mara nyingi ni mahakama pekee inayoweza kuilazimisha izitoe.

Shauri la SCO na IBM

Machi 2003 kampuni ya SCO Group ya Utah iliishtaki IBM. Ilidai kwamba IBM ilikuwa imechukua sehemu za Unix, programu endeshi ambayo SCO ilidai kuwa na haki juu yake, na kuziingiza katika Linux, programu endeshi huria inayoandikwa kwa ushirikiano na watu wa nchi nyingi na kutolewa bure. Fidia iliyodaiwa mwanzoni ilikuwa dola bilioni 1. Baadaye ikapandishwa hadi bilioni 5. Haukuwa ugomvi wa matajiri wawili peke yao. Linux ilikuwa tayari inaendesha sehemu kubwa ya mashine zinazohudumia intaneti, na vyuo vingi, vikiwamo vya Afrika, viliitegemea kwa sababu havikuwa na fedha za kununua leseni. Kama SCO ingeshinda, kila mtumiaji angeweza kudaiwa.

Mei mwaka huo huo, Pamela Jones, msaidizi wa mawakili ambaye hakuwa wakili mwenyewe, alianza kukusanya hati za shauri hilo na kuzieleza kwa lugha ya mtu wa kawaida. Hazina yake iliitwa Groklaw. Ndani ya miezi michache watu wa kujitolea walijiunga naye. Baadhi yao waliokaa karibu na Salt Lake City walihudhuria vikao mahakamani na kuandika walichokisikia. Wengine walikwenda masjala kuchukua nakala za hati ambazo hazikuwamo katika mfumo wa kielektroniki. Wengi zaidi walifanya kazi ambayo haina sifa yoyote duniani: walikaa mezani wakachapa upya, neno kwa neno, hati zilizokuja kama picha za karatasi. Walifanya hivyo kwa sababu picha ya karatasi haitafutiki. Huwezi kuiuliza kompyuta ni wapi katika kurasa elfu limetajwa jina fulani. Hati ikichapwa, inaweza kuulizwa.

Nawaomba wanafunzi wa Mwalimu Sikujua waione kazi hii kwa jina lake. Ni unakili, na unakili wenye maelezo pembeni. Wanasheria waliwaeleza watengenezaji wa programu maana ya hoja ya kuomba shauri liamuliwe bila kusikilizwa kikamilifu. Watengenezaji wa programu, baadhi yao wakiwa wameshuhudia miaka ya mwanzo ya Unix, waliwaeleza wanasheria ni nini hasa kilichoandikwa, lini, na na nani. Katika majibizano hayo ilikusanyika historia ya programu endeshi ambayo hakuna kitivo kilichokuwa kimeiandika.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Mwaka 1992 tawi la AT&T lililomiliki Unix lilikuwa limeishtaki kampuni iliyouza programu iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, na chuo chenyewe kikaingizwa katika shauri. Mwaka 1994 pande zilipatana, na masharti ya mapatano yakafichwa. Kwa muongo mzima watu walibishana juu ya masharti ambayo hawakuyaona. Mwaka 2004, kwa kutumia sheria ya California inayompa raia haki ya kuona kumbukumbu za taasisi za umma, watu wa Groklaw waliyapata mapatano hayo na kuyachapisha. Ikumbukwe kwamba mlango ulifunguka kwa sababu mmoja wa wadaawa alikuwa chuo cha umma. Zingekuwa kampuni mbili za binafsi, karatasi ile huenda ingebaki kabatini hadi kabati lenyewe liuzwe.

Mfano wa pili ni shauri la Comes dhidi ya Microsoft, lililofunguliwa mwaka 2000 katika jimbo la Iowa na wanunuzi waliodai kwamba walitozwa bei ya juu kupita haki. Usikilizaji ulianza mwishoni mwa 2006. Mawakili wa wadai waliweka vielelezo vyao kwenye intaneti, zaidi ya 3,000, na ndani yake zilikuwamo barua za ndani za miaka mingi. Katika mojawapo, ya Januari 2004, kiongozi mmoja wa juu wa kampuni aliandika kwamba kama asingekuwa mwajiriwa wa hapo angenunua kompyuta ya Apple. Februari 2007 pande zilipatana kabla hukumu haijatolewa, na vielelezo vikaondolewa kwenye intaneti. Mtafiti aliyekuwa amepanga kuvisoma wiki iliyofuata alikuta mlango umefungwa. Kwa bahati, kuna waliokuwa wamekwisha kuvichukua vyote, nao wakavikabidhi Groklaw, ambako kazi ya kuvichapa upya iliendelea kwa miaka. Nasema kwa bahati, na neno hilo linanisumbua. Sehemu muhimu ya historia ya kompyuta binafsi ilinusurika kwa sababu mtu fulani alikuwa na wasiwasi na nafasi ya kutosha kwenye diski yake.

Nini hakikunusurika

Msidhani kwamba nasimulia ushindi. Agosti 20, 2013 Pamela Jones alisimamisha kazi yake. Miezi miwili kabla yake Edward Snowden alikuwa amefichua upana wa upekuzi wa mawasiliano unaofanywa na serikali ya Marekani, na siku chache kabla yake mwenye Lavabit, huduma ya baruapepe ya faragha, aliifunga. Jones aliona kwamba hawezi tena kuwahakikishia wanaomwandikia kwamba barua zao hazisomwi na mtu wa tatu, na bila barua hizo kazi haikuwezekana.

Lakini shauri la SCO na IBM lilikuwa halijaisha. Baada ya kulala kwa miaka kadhaa kwa sababu SCO iliomba hifadhi ya ufilisi Septemba 2007, na baada ya juri kuamua Machi 2010 katika shauri la pembeni kwamba hakimiliki za Unix zilikuwa za Novell na si za SCO, lilifufuliwa mwaka 2013, likatupwa 2016, likafufuliwa kwa sehemu na mahakama ya rufaa Oktoba 2017, na likamalizika kwa mapatano mwaka 2021, IBM ikilipa dola milioni 14.25 kwa msimamizi wa ufilisi wa SCO. Hesabuni wenyewe. Mwanahistoria atakuwa na miaka kumi iliyoandikwa kwa wingi, hati juu ya hati, kila moja na maelezo yake, na miaka minane ya mwisho yenye hati tupu. Kwa nini dai la bilioni 5 liliishia kwenye milioni 14? Mwenye kujibu swali hilo atazipata karatasi za mahakama, lakini hatampata mtu aliyeketi ukumbini akazieleza siku ile ile. Ni kama diwani ambayo mkusanyaji wake alihama mji kabla mshairi hajamaliza kutunga.

Maktaba ya Bunge la Marekani iliichukua Groklaw katika mkusanyiko wake wa maandishi ya kisheria ya kwenye intaneti, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo nakala ya namna hiyo huchukuliwa kwa vipindi, kama mpiga picha anayepita mtaani mara moja kwa mwezi. Huhifadhi kilichoonekana siku aliyopita. Viungo vinavyoelekeza nje, kwenye kurasa za wengine, havibebi dhamana yoyote. Uchunguzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Zittrain, Albert na Lessig, uliofanywa mwaka 2013, uligundua kwamba karibu nusu ya anwani za intaneti zilizotajwa katika maamuzi ya Mahakama Kuu ya Marekani hazikumfikisha tena msomaji kwenye kile ambacho majaji walikisoma. Katika majarida ya sheria waliyoyachunguza ilikuwa zaidi ya asilimia 70. Sisi tusicheke. Nilizijaribu anwani nilizoziweka katika makala yangu moja ya zamani, nikakuta zaidi ya nusu zimekufa, na moja ilinipeleka kwa muuza viatu.

Kuna wanaosema mahakama yenyewe itahifadhi. Mahakama za shirikisho za Marekani zina mfumo wa kielektroniki uitwao PACER, unaotoza senti 10 kwa ukurasa, hadi dola 3 kwa hati nyingi. Kwa wakili ni fedha ndogo. Kwa mtafiti anayehitaji hati elfu moja, hasa aliye Dodoma au Eldoret, ni ukuta. Mwaka 2009 watafiti wa Princeton walibuni njia ya kuupanda ukuta huo: kila hati aliyoinunua mtu mmoja inanakiliwa na kuwekwa mahali pa wazi, kwa kuwa hati za mahakama zinaruhusiwa kusambazwa. Waliipa jina RECAP, yaani PACER iliyosomwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Wanaisimu wataufurahia mchezo huo. Agosti 2014 mahakama kadhaa ziliondoa mashauri yao ya zamani kutoka PACER kwa sababu za kiufundi, na watafiti wakapiga kelele. Zaidi ya hayo, kwa mafaili ya karatasi, kanuni ya jumla ni kwamba shauri lililofikia usikilizaji kamili huhifadhiwa daima, na lililoishia njiani huweza kuteketezwa baada ya muda. Mashauri makubwa ya teknolojia huishia njiani mara nyingi, kwa mapatano. Yanayostahili kusomwa ndiyo yaliyo hatarini zaidi.

Wala hifadhi za kujitolea si ngome. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996 na ambayo wengi wetu huitegemea bila kuishukuru, ilishtakiwa na wachapishaji wa vitabu mwaka 2020 kwa kuazimisha nakala za kielektroniki, ikashindwa mwaka 2023 na tena katika rufaa Septemba 2024. Mwezi uliofuata ilishambuliwa na wadukuzi, ikazimika kwa siku kadhaa. Mlinzi wa kumbukumbu za mashauri akawa mdaiwa.

Upande wetu

Mtaniuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa taaluma za Kiswahili? Yanatuhusu kwa sababu mashauri ya teknolojia yamekwisha kufika kwetu, na lugha yetu imo ndani yake.

Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya jijini Nairobi walitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa na Nubian Rights Forum na wenzao kupinga mpango wa Huduma Namba. Waliruhusu mpango uendelee pale tu sheria na kanuni za kulinda data zitakapokamilika, na wakakataza ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali halisi mtu anapoishi. Hebu tuanze na jina lenyewe. Kwa sarufi yetu tungetarajia namba ya huduma. Serikali ikachagua mpangilio wa maneno wa Kiingereza ndani ya mavazi ya Kiswahili, na kwa nini, hilo ni swali la tasnifu nzima. Hukumu inasomeka bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, na wahusika wanastahili pongezi. Lakini katika shauri lile wataalamu walitoa ushahidi kuhusu jinsi mfumo wa namna hiyo unavyojengwa na unavyoweza kuvunjika, na wananchi walieleza ilivyo kuishi bila kitambulisho. Hukumu huufupisha ushahidi huo katika aya. Atakayeandika historia ya utambulisho wa raia katika Afrika ya Mashariki atazihitaji sauti zenyewe.

Shauri la pili linatugusa kwa karibu zaidi. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa ameajiriwa Nairobi kuchuja maudhui ya Facebook, aliishtaki Meta na kampuni ya Sama katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri alikataa ombi la Meta la kuondolewa katika shauri. Machi mwaka huo wachujaji zaidi ya 180 walifungua shauri lao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikashikilia kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Watu hawa walikaa mbele ya skrini wakiamua, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, lipi ni tusi, lipi ni kitisho, lipi ni utani wa watani. Sisi hufundisha darasani kwamba maana hutegemea muktadha. Wao walilazimika kuipata maana kwa haraka, siku nzima, wakitazama mambo ambayo wengi wanasema yamewaumiza akili. Kama kuna mahali ambapo pragmatiki ya Kiswahili cha mtandaoni imeandikwa kwa kiapo, ni katika karatasi za mashauri ya namna hii.

Hapa pana ugumu nisioweza kuupita. Kiapo cha mtu aliyeumizwa na kazi yake kina jina lake, maradhi yake, pengine jina la mtoto wake. Wanakili wa Utah walishughulika zaidi na barua za makampuni. Sisi tutashughulika na miili ya watu. Mimi siamini kwamba kila hati iwekwe wazi leo. Naamini kwamba kila hati ihifadhiwe leo, na baadhi zifungwe kwa miaka ambayo wahusika wenyewe wataikubali. Wahifadhi wa nyaraka wamekuwa wakifanya hivyo kwa mafaili ya serikali muda mrefu. Kufunga na kutupa ni vitendo viwili tofauti, ingawa katika masjala nyingi nilizozitembelea vinafanana sana machoni.

Tena kuna suala la lugha ya mwenendo. Kwa miongo mingi nchini Tanzania shahidi alisimama kizimbani katika mahakama za juu akasema kwa Kiswahili, na hakimu au jaji akaandika kwa mkono, kwa Kiingereza, kile alichoelewa. Kumbukumbu iliyobaki ni tafsiri isiyo na matini chanzi. Sijui kama kuna hasara kubwa zaidi katika historia ya lugha yetu ya karne ya ishirini: maelfu ya watu wa kila tabaka walizungumza kwa makini, kwa kiapo, juu ya mambo ya maisha yao, na maneno yao hatunayo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Nchini Kenya, Kiingereza bado ndiyo lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa madai, ingawa Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mahakama ya Tanzania imeanza pia kutumia mfumo wa akili mnemba unaonakili maneno ya ukumbini na kuyatafsiri. Nauliza swali moja tu la mhifadhi: baada ya mashine kunakili, sauti yenyewe inapelekwa wapi?

Naliuliza kwa sababu ya uzoefu wetu na hati za Kiarabu. Mnajua kwamba hati hizo, zilivyotumiwa na wengi, hazikupambanua p na b, wala e na i, wala o na u. Mhariri aliyezigeuza kwa herufi za Kirumi alikata shauri kila mstari. Tunaweza leo kumsahihisha Taylor au Hichens kwa sababu miswada imebaki. Groklaw ilikuwa na busara hiyo hiyo: iliweka picha ya hati ya mahakama pamoja na maneno yaliyochapwa, ili makosa ya mchapaji yaonekane. Mfumo wa kunakili nao utakosea. Utaandika neno la Kimvita kwa umbo la Kiunguja, utalisawazisha neno la kijana wa mtaani. Sauti ikifutwa, kosa litakuwa ndilo kumbukumbu.

Mwaka 2007 nilikwenda katika mahakama moja ya mwanzo kutafuta faili la mgogoro ambao mzee mmoja alikuwa amenisimulia. Karani, kijana mwenye heshima zake, aliniambia, “Mwalimu, hukumu ipo, lakini mengine yalinyeshewa.” Akanipa kiti, akaniletea hukumu ya kurasa mbili. Mzee alikuwa amenisimulia kwa saa tatu. Nilirudi kwake nikamwomba aanze tena, safari hii nikiwa na kinasa sauti, naye akanitazama kwa mshangao wa mtu anayedhani serikali tayari inayo maneno yake.

Ninachopendekeza kwa Idara hii ni kidogo, na kinaweza kuanza muhula ujao. Tuchague shauri moja. Mimi ningechagua la wachujaji wa Nairobi, kwa sababu bado liko hai na wahusika wapo. Tukubaliane kwanza na mawakili wa pande zote na masjala juu ya hati zipi zinaruhusiwa kunakiliwa. Wanafunzi wa uzamili wazichape, wakihifadhi picha kando ya maneno, na kila hati ipewe maelezo yake kwa Kiswahili: nani anamjibu nani, neno hili la kisheria lina maana gani, neno lile la kompyuta limetafsiriwaje na kwa nini. Tuweke tarehe kwa kila istilahi inapoonekana mara ya kwanza, maana kati ya data za Kenya na taarifa binafsi za sheria ya Tanzania ya 2022 kuna historia ya usanifishaji inayopita mbele ya macho yetu. Nakala moja iwe katika seva ya Chuo, ya pili katika chuo kingine nje ya mipaka yetu, na ya tatu ichapwe kwenye karatasi na kuwekwa maktaba, katika chumba kile kile chenye miswada iliyoorodheshwa na J. W. T. Allen mwaka 1970. Mkutubi ameniambia kwamba rafu ya chini, upande wa dirisha lisilovuja, iko wazi.